Mama Alisema Juu

Wahenga walisema kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Maana yake si ngumu. Ngozi mbichi ikilazwa juu ya mzinga wa ngoma hushikwa na mikono mingi, na kila mkono huivuta upande wake. Hujapata kumwona mtu aliyeshika ncha ya ngozi akaisukuma kwa mwenzake. Ndivyo binadamu tulivyo katika kila jambo la wengi, liwe urithi, liwe uongozi, liwe hata kugawana blanketi. Kila mmoja hulitazama jambo kwa jicho la faida yake, halafu huapa mbele za watu kwamba anawatetea wengine. Anayebisha na asikilize kisa cha nyumba ya mteremkoni, kisha aje tubishane.

Kiwanja chenyewe kilikuwa kirefu na chembamba, kimeegemea ubavu wa kilima. Upande wa juu ilipita barabara ya vumbi, upande wa chini ulipita mto mdogo, na katikati palikuwa na mteremko wa kumtoa mbuzi jasho. Nyumba ya zamani ilijengwa kule chini karibu na mto, na baridi ya mle ndani usiulize. Kuta zilikuwa na unyevu mwaka mzima, nguo zilinuka uvundo kabatini, na hita ya umeme ilinguruma usiku kucha bila kumpasha mtu joto. Umeme uliliwa, na wenye nyumba bado walilala wamejikunyata.

Wenye nyumba walikuwa wazee wawili. Baba alikuwa seremala aliyestaafu kwa mdomo tu, maana kila asubuhi randa yake ilisikika kutoka karakanani, kibanda kilichokuwa hatua chache kutoka mlango wa nyuma. Mama alikuwa mtu wa maneno machache. Akikwambia jambo mara moja, amelimaliza; usitegemee kulisikia tena.

Walikuwa na watoto watatu, wote na kazi zao mjini. Kaka mkubwa aliuza vipuri vya magari, na watu walimwita Bosi, hata wale asiowalipa mshahara. Aliyemfuata alikuwa dada, mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto wanne wenye kelele za watoto kumi. Wa mwisho alikuwa msanifu majengo, binti aliyesomea kuchora nyumba akafaulu vizuri. Lakini nyumbani nani angemwita Msanifu? Yeye alikuwa kitinda mimba, wakamwita Kitinda, na hata angechora ikulu angebaki kuwa Kitinda.

Watoto hao walikubaliana kuwajengea wazazi nyumba mpya. Katika hilo hapakuwa na ubishi. Ubishi ulianza pale walipoulizana, nyumba ya namna gani?

Kitinda alikuwa na jibu tayari, na jibu hilo lilimnyima usingizi kwa furaha. Alitaka nyumba isiyokula umeme. Nyumba yenyewe ingekaa katikati ya mteremko, mgongo wake umezama ndani ya udongo wa kilima ili udongo uikinge na baridi. Uso wake mrefu ungetazama mashariki, bondeni, uchukue jua la asubuhi. Sebuleni pangekuwa na ukuta mnene wa mawe, unaokunywa joto mchana kutwa na kulirudisha polepole usiku. Vyumba vya kulala vingekuwa ghorofani, kwa kuwa joto hupanda. Hita ingebaki stoo.

Na palikuwa na jambo jingine, ambalo Kitinda alilitaja kwa haraka kila alipolitaja. Chama cha wasanifu kilikuwa kimetangaza shindano la nyumba za aina hiyo, na mchoro wake ulikuwa umepita mchujo wa kwanza. Sharti lilikuwa moja tu: nyumba ijengwe kama ilivyochorwa, majaji waje kuiona. Kwa msanifu kijana aliyekuwa bado anachora vyoo na uzio wa watu, ushindi huo ungekuwa mlango wa maisha. Usimlaumu. Hata wewe ungeutamani.

Siku ya kikao walikusanyika wote katika sebule ile yenye unyevu. Kitinda aliweka mezani mfano wa nyumba aliouunda kwa karatasi ngumu, una paa, una baraza, una ngazi ndogo za kupendeza.

"Jamani, msiushike. Gundi haijakauka," aliwaonya.

Nani alisikia? Bosi alikwisha kuugeuza mfano ule kuelekea kwake.

"Mbele ni wapi?" aliuliza.

"Huku, linapochomoza jua."

"Huku kwenye vichaka? Mdogo wangu, barabara iko huku! Mtu akipita na gari aone nini, kisogo? Mbele kuwe upande wa barabara, na vioo kutoka sakafuni mpaka darini."

"Huko ndiko jua linakozama, kaka. Ukiweka vioo huko, alasiri wazee watachemka kama viazi, na usiku joto lote litatoka kwa vioo hivyohivyo."

"Tutafunga kiyoyozi."

"Kiyoyozi! Nyumba yote hii nimeichora isile umeme, wewe unaniletea kiyoyozi!"

"Subirini kwanza," Mwalimu aliingilia, akauvuta mfano upande wake. "Vyumba vya wajukuu viko wapi? Mimi wangu wakija likizo watalala kwenye ukuta wa mawe?"

"Chumba cha wageni kipo, dada."

"Kimoja? Kwa watoto wanne? Na wangu si wageni, ni wajukuu!"

Bosi akavuta, Mwalimu akavuta, na gundi ikasalimu amri. Paa lilibaki mkononi mwa kaka, baraza ikabaki mkononi mwa dada, ghorofa ikaangukia kwenye sinia la chai. Baba, aliyekuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na dirisha, alicheka mpaka akakohoa.

"Nyumba haijapata msingi, tayari ina warithi," alisema.

Kitinda aliiokota ghorofa yake kutoka kwenye chai, machozi yakimlengalenga. "Ndiyo maana wahenga walisema kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake," aliwaambia. "Lakini ngoma hii ni ya wazazi. Mbona hakuna anayewauliza wenyewe?"

Maneno mazuri kabisa. Wote wakaona haya kidogo, wakawageukia wazee.

"Mimi nalala popote pasipovuja," alisema baba. "Ila karakana yangu haihamishwi. Hilo liandikeni kwa wino."

"Na wewe, mama?"

Mama alipangusa mikono kwenye kanga yake. "Mimi nataka kulala juu tu. Mengine amueni wenyewe."

Lo! Neno hilo moja lilidakwa kama mpira.

"Mmesikia?" Bosi alipiga meza. "Mama anataka ghorofa! Tena si moja. Tukipanda juu vya kutosha, tutaonekana mpaka kwenye kona ya barabara."

"Juu ndiyo," Mwalimu aliafiki. "Wazee wakilala juu, chini pote panabaki kwa wajukuu. Mama ameongea la maana."

Kitinda naye alikuwa anachekelea. Si ndivyo alivyochora? Vyumba vya kulala ghorofani, joto linakopanda! Alimwona mama yake kuwa mwanamke mwenye akili kuliko wote duniani. Mama alifungua mdomo kama mwenye neno la kuongeza, akamtupia baba jicho, kisha akainua birika na kuuliza nani aongezewe chai. Hakuna aliyemwuliza alitaka kusema nini. Kila mmoja alikuwa amekwisha kupata lake.

Wiki chache baadaye fundi mwashi aliweka vigingi na kamba katikati ya mteremko, kila chumba mahali pake. Kitinda alikuja kukagua, akamshika mama yake mkono na kumtembeza ndani ya nyumba ile ya kamba.

"Hapa ni sebule, mama. Jiko lako lile pale, dirisha linatazama bondeni. Na hapa ngazi zinaanza."

"Ngazi za nini?"

"Za kwendea chumbani kwako. Si ulisema unataka kulala juu? Utalala ghorofani."

Mama alimwachia mkono. "Ghorofani? Nani kasema ghorofani? Mimi nilisema juu." Akaelekeza kidevu kule mteremko unakoishia, barabarani. "Tangu lini juu ya kwetu ikawa angani? Kwetu juu ni barabarani, chini ni mtoni. Mtoto akitumwa chumvi anaambiwa apande juu. Akitumwa maji anaambiwa ashuke chini. Umekaa mjini mpaka umesahau lugha ya nyumbani?"

Kitinda aligeuka akatazama barabara kule juu. Alikuwa amezaliwa na kukulia kwenye mteremko huohuo, na mara ngapi alitumwa juu na chini! Lakini aliyesikia siku ile si binti wa mteremkoni; aliyesikia ni mshindani mwenye mchoro wa ghorofa mbili.

"Sasa mama, juu kule kuna nini? Upepo unapiga, vumbi la magari, kelele. Na nikiisogeza nyumba huko inabidi nichore upya yote. Nitatolewa kwenye shindano."

"Basi iache hapa. Mimi nimeshasema langu."

"Lakini kwa nini unataka juu? Niambie sababu."

Mama alitupa jicho upande wa karakana, na Kitinda akapandwa na hasira, hasira ya mtu anayeona tonge likimponyoka mdomoni. "Hata wewe, mama!" alisema. "Kaka anavuta, dada anavuta, na wewe unavuta. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, kweli kabisa!"

Alijuta kabla hajafunga mdomo. Mama hakumgombeza. Alimtazama tu, akatafakari, kisha akamwambia, "Twende kule juu tukae kidogo."

Walipanda mpaka ukingo wa barabara, wakaketi juu ya jiwe. Mama aliita kwa sauti kuelekea chini, "Baba Bosi! Njoo umwone fundi, ana swali kuhusu mbao!" Kisha akamgeukia binti yake. "Usiseme kitu. Usimwendee. Mwangalie tu baba yako anavyopanda."

Baba alitoka karakanani akiwa na mita yake mfukoni, akaanza kupanda kwa mwendo wa mtu mwenye shughuli zake. Hakufika mbali. Alisimama kwenye uzio, akashika nguzo moja na kuitikisa, kana kwamba anapima uimara wake. Aliitikisa kwa muda mrefu kuliko nguzo yoyote inavyostahili. Akapanda tena. Akasimama, akainama na kufunga kamba za viatu.

"Mama," Kitinda alinong'ona, "baba amevaa kandambili."

"Najua."

Kandambili hazina kamba. Mzee alibaki ameinama, mikono kwenye vidole vya miguu, mgongo ukipanda na kushuka. Alipoinuka alipanda kidogo, kisha akageuka akashika kiuno na kulitazama bonde, kama mtu anayetaka kulinunua. Akamwita jirani ambaye hakuwepo nje. Alimsifu mbwa. Njia ambayo Kitinda angeipanda akipiga mluzi, baba yake aliipanda kwa vituo, na kila kituo alikuwa amekiandalia kisingizio chake.

Kitinda aliinuka nusu, mama akamrudisha kwenye jiwe. Watoto walipokuja kutoka mjini walimkuta baba ameketi, wakaondoka wakimwacha ameketi. Tangu lini wamemwona akitembea?

"Tangu lini, mama?"

"Tangu masika. Daktari alisema ni moyo. Dawa anameza, lakini ikimjia inamjia. Mara ya mwisho tulimpandisha kwa toroli la jirani mpaka barabarani, gari lilikuwa linasubiri na yeye rangi imemtoka. Nilidhani nimempoteza hapa hapa mteremkoni."

"Na hukutuambia!"

"Alinikataza nisiseme, nami sijasema. Nimekuonyesha tu." Mama alijifunga kanga vizuri. "Na wewe usiseme. Ukimtangaza, utamvunja."

Baba alifika akiwa ametota jasho, midomo imepauka, lakini tabasamu lake lilikuwa mahali pake. "Mbona mnanitazama kama bibi harusi?" aliwatania. "Haya, fundi ana swali gani?"

"Shikamoo, baba," ndilo neno pekee lililomtoka Kitinda.

"Marahaba. Mbona sauti hivyo? Nyumba imekushinda?"

Usidhani Kitinda aliongoka palepale. Watu hawaongoki haraka hivyo. Alirudi mjini, akainamia meza yake ya kuchorea, akajaribu kuiokoa ramani. Alibadili ngazi za nje akaweka njia ya mserereko yenye kona nyingi. Akaichora vizuri, ikapendeza. Kisha akajilazimisha kumwazia baba yake kwenye njia ile, akifunga kamba za kandambili katika kila kona. Akaifuta. Akahamisha chumba cha wazazi kutoka ghorofani kwenda sakafu ya chini. Lakini bado palibaki mteremko mzima kati ya kitanda na gari. Kila suluhisho alilolipata liliiokoa nyumba kwa ajili ya majaji, na hakuna hata moja lililomwokoa mzee. Mwishowe aliona haya, tena haya ya kweli, akiwa peke yake na penseli. Aliwaza jinsi alivyokuwa tayari kumpandisha mgonjwa kilimani ili yeye apate jina. Alichukua simu, akawapigia watu wa shindano, akajitoa.

Kisha akaanza kuchora upya, na safari hii kalamu ilikwenda bila kusukumwa.

Kikao cha pili kilifanyika sebuleni mlemle. Kitinda aliibandika ramani mpya ukutani kwa pini, mbali na mikono ya watu.

"Nyumba imehamia juu, barabarani," aliwaeleza. "Gari linasimama hapa, mlango uko hapa, hakuna kizingiti wala kidato. Chumba cha wazazi, bafu, jiko na sebule viko sakafu moja. Vyumba vya wengine viko chini ya hivyo, vinafuata mteremko, na mgongo wao umezama kwenye udongo. Upande wa barabara madirisha ni madogo kwa ajili ya upepo na jua la jioni. Upande wa bondeni ni makubwa, jua la asubuhi linaingia mpaka ukuta wa mawe. Siku za upepo mkali itahitaji moto zaidi kidogo kuliko ile ya kwanza. Hilo siwafichi."

Bosi aliikaribia ramani mpaka pua ikataka kuigusa. "Kwa hiyo mtu akiwa barabarani anaona nini?"

"Paa na mlango."

"Paa! Mimi nimeshawaambia watu ghorofa!"

"Ghorofa ipo, kaka. Ila inashuka."

"Ghorofa gani inashuka? Hilo ni handaki!"

Mwalimu alikunja uso. "Mimi sielewi. Juzi uliapa kwamba nyumba lazima iwe katikati ya mteremko, udongo uikinge na baridi. Leo baridi imehama? Au hao majaji wako ndio wanataka hivi?"

Kitinda alimtazama mama yake. Mama alikuwa anakoroga chai iliyokwisha kukorogwa zamani. Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, anapiga msasa mguu wa kigoda, kama asiyewasikia.

"Ndiyo," Kitinda alijibu. "Majaji wanapenda nyumba ya namna hii."

"Si nilisema!" Bosi alifoka. "Unatuhubiria ngoma na ngozi, unatulilia hapa, kumbe mvutaji mkuu ni wewe! Unajenga jina lako juu ya mgongo wa wazazi. Huna hata aibu."

Maneno yalimchoma, kwa sababu wiki chache tu zilizopita yangekuwa kweli tupu. Kitinda aliinamisha kichwa. Chozi lilimdondoka, akalifuta kwa kiganja.

Sauti ya msasa ilikoma.

"Majaji gani?" baba aliuliza.

Kitinda alijifanya anakaza pini ya ramani.

"Nauliza, majaji gani? Fundi mwashi alipokuja kung'oa vigingi aliniambia umejitoa kwenye hilo shindano. Nikajiuliza, mtoto huyu ana wazimu? Kitu alichokililia hivyo, anakiacha bila sababu?" Mzee alikiweka kigoda chini, akashusha pumzi. "Sasa nimeijua sababu. Umeambiwa. Na unakaa hapa unatukanwa kwa ajili ya kifua changu."

"Kifua kina nini?" aliuliza Mwalimu.

"Moyo, mwanangu. Umechoka. Siwezi tena kuupanda mlima huu, na mara mbili nimepandishwa kama gunia. Mwacheni mdogo wenu. Hajavuta chochote."

Bosi aliketi polepole, uso umemshuka. Ule ubosi wote ulimtoka, akabaki mtoto wa mtu. "Baba, kwa nini hukutuambia?"

"Nikuambie wewe? Kesho yake ungeleta gari, unihamishie mjini, unikalishe kwenye kochi nitazame ukuta. Karakana yangu ingekuwa banda la kuku." Baba alitabasamu kwa uchungu. "Mimi nilitaka kubaki hapa chini na randa yangu. Yakinikuta, yanikute kazini. Mama yenu ndiye aliyeng'ang'ania juu, kwa ajili yangu. Ndivyo alivyo, hajifikirii. Lakini mimi sitaki mtu apoteze bahati yake ili..."

Kijiko kiligonga sahani kwa kishindo. Watoto walishtuka, maana mama yao hakuwa mtu wa kugonga vitu.

"Kwa ajili yako? Nani kakwambia ni kwa ajili yako?"

Baba alimgeukia.

"Wewe ukifa leo umepumzika," mama alisema. "Umekufa na randa yako mkononi, watu watasema maskini, mchapakazi. Na mimi je? Mimi ndiye nitakayebaki nyumbani nikisikiliza karakana isiyolia. Nimekusikia ukikohoa na kuimba vibaya na kupoteza penseli sikioni mwako mwenyewe miaka yote hii. Nataka nikikuita uitike. Sikusema juu kwa wema. Nilisema juu kwa sababu sitaki kulala peke yangu. Kitinda aliniambia navuta ngozi kwangu, nikanyamaza kwa sababu ni kweli. Navuta. Na nitaendelea kuvuta."

Mwalimu alikuwa ameweka kitambaa mdomoni, na Bosi alitazama sakafu, mabega yakimcheza. Baba alimtazama mkewe kama mtu aliyeishi na mwenzake miaka mingi na leo ndio kwanza ameambiwa jina lake kamili. Alitaka kutania, kama ada yake. Mzaha haukuja.

"Haya, mama," alisema mwishowe, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Nivute basi."

Nyumba ilijengwa juu, barabarani, mahali alipotaka mwanamke yule, na karakana ikahamia kando yake. Haikushinda tuzo yoyote, na wapita njia huona paa na mlango tu. Kitinda alikuwa amewadhania watu wa kwao kwamba wengine huvuta na wengine huvutwa, wengine wachoyo na wengine wema. Siku ile ya kikao cha pili aliwatazama wote mmoja mmoja, yeye mwenyewe akiwemo, hakuona mkono mtupu hata mmoja; na aliyevuta kwa nguvu kuliko wote ndiye aliyependa kuliko wote. Hakika, kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.